Daftari la Majani

Upande huu naandika mafungu ya majani:
Jumapili kumi na mawili, riali tatu na baisa mia sita.
Upande wa pili, daftari likigeuzwa kichwa chini,
naandika siku za Shaqra.

Hakuna aliyeniagiza.
Mshahara wangu ni wa kufagia, kunywesha, kusugua,
na kunyamaza wanaume wakijadili mbio.

Lakini baridi ya Ibra ilipolegea,
jua likaanza kuchelewa kushuka nyuma ya milima,
nikaona mkia umeinuka, umepinda kando,
mkojo kidogo kidogo, kama bahili anayehesabu baisa,
na ukiweka kiganja kiunoni, juu ya figo,
ngozi yote inatetemeka
kama maji ya falaji yaliyodondokewa na kijiwe.
Nikaandika: siku ya kwanza.
Siku tano, sita, joto likapoa.
Baada ya ishirini na moja, tena.

Nikasema, haya, hili nalijua.
Bibi yangu aliyekulia Wete
angelipa jina bila hata kuvaa miwani: chango.
Nikakaanga chumvi, nikaifunga kitambaani, nikamkanda.
Akashusha kichwa, akanipumulia begani
pumzi ndefu yenye harufu ya nyasi.

Muhanna aliita kiburi.
"Mwezi jana kakimbia kama risasi,
leo mkanda wa tandiko tu, anarusha mateke?
Kiburi. Amejijua ni binti wa nani."
Yarub, mwanawe, akachukua fimbo.
Mimi nilikuwa na ndoo mkononi.
Nilikuwa na ndoo mkononi, na ndoo haikuanguka,
wala maji hayakumwagika,
wala sikusema kitu.
Hilo sikuliandika.

Mzunguko wa tatu ukakataa kufunga.
Siku ya tisa. Ya kumi na nne. Ya ishirini na mbili.
Kisha mkia ukashuka, lakini jicho likageuka:
anatafuna mbao za mlango,
anawafukuza majike wenzake kwenye hodhi,
analia usiku kwa sauti nene ya dume,
na shingo imejaa misuli isiyo yake.
Akilala mchangani anautazama ubavu wake
kama mtu aliyesikia hodi, na mlango haujui uko wapi.

Nikampelekea Muhanna daftari, limegeuzwa.
Akaligeuza tena, akasoma kwanza bei za majani.
Halafu akarudi nyuma, polepole,
kidole chini ya kila tarehe.
Akapiga simu Sinaw.

Daktari Iftikhari alikuja na glovu inayofika begani
na mashine ndogo yenye kioo cha kijivu.
"Tazama," akaniambia mimi, si wao.
Kifuko cha mayai cha kulia kimesinyaa, saizi ya lozi.
Cha kushoto kimepita chungwa, kimejaa vishimo,
sega la nyuki lisilo na asali.
"Uvimbe huu ndio unaomwamrisha. Lazima utoke."
"Na kile cha kulia?"
"Huenda kikaamka mwakani." Akavua glovu. "Huenda."

"Basi hakikuwa kiburi?" akauliza Muhanna,
na swali likakosa wa kulipokea.
Yarub akatoka kukagua matairi ya trela,
matairi mapya kabisa.

Alfajiri wanampeleka Barka.
Usiku huu nampaka mafuta ya habasoda
pale ngozi ilipoacha mistari, mitatu, sambamba.
Ananiruhusu. Sijui kwa nini ananiruhusu.

Nimeandika: siku ya arobaini na sita.
Chini yake, wino uleule, herufi ndogo,
tarehe yangu mwenyewe, iliyokoma kuja tangu Rajabu,
ambayo hakuna kioo kilichopita juu yake
wala mtu niliyemwambia.
Kisha nikaligeuza daftari, nikaandika upande wa hesabu:
Kesho, majani ya Shaqra, hakuna.
Afungishwe mpaka kisu kipite.